Meneja Anapogeuzwa Kuwa Mtu wa Timu

Siku hizi, katika viwanda na hata katika mashamba makubwa, neno moja limeingia midomoni mwa waajiri: timu. Yule tuliyezoea kumwita mnyapara anapewa cheo cha kiongozi wa timu. Msimamizi anakuwa mwezeshaji. Asubuhi kabla ya kazi watu husimamishwa mduara kwa dakika chache, kila mmoja aseme jana alifanya nini na leo atafanya nini, na ukutani hutundikwa ubao wenye vipande vya karatasi vya rangi. Wanaoleta mambo hayo husema kwamba zama za amri zimekwisha, sasa ni kushauriana.

Sisi hatusemi kwamba ni uongo, wala hatusemi kwamba ni kweli tupu. Tunasema mambo haya yana historia, na historia hiyo ilianzia kiwandani, kati ya watu wanaofanya kazi kama yetu. Ikatoka kiwandani ikaenda maofisini, kwa waandishi wa programu za kompyuta na kwa wafanyakazi wa benki, na sasa inarudi kwetu ikiwa imevaa nguo nyingine. Kwa hiyo swali tunalolifuata katika makala hii ni hili: meneja anapovuliwa cheo chake na kuambiwa awe mtu wa timu, zile kazi alizokuwa akizifanya huenda wapi, na lile rungu alilokuwa nalo hulishika nani?

MENEJA MWENYEWE ALITOKA WAPI

Mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwako Marekani mhandisi mmoja jina lake Frederick Taylor. Yeye ndiye aliyesimama nyuma ya wafanyakazi na saa mkononi, akipima kila mkono unavyokwenda, kisha akafundisha kwamba kufikiri kuwe ni kazi ya ofisi na kutenda kuwe ni kazi ya karakana. Kitabu chake maarufu kilitoka mwaka 1911. Henry Gantt, ambaye alifanya kazi pamoja naye katika kiwanda cha chuma cha Midvale, alieneza chati za mistari zinazoonyesha kila kazi ianze lini na imalizike lini. Chati hizo zinatumika mpaka leo na bado zinaitwa kwa jina lake. Msomaji wetu wa shambani hatashangaa. Aliyewahi kupimiwa ngwe asubuhi na mtu ambaye mwenyewe hatashika jembe siku nzima anaujua mfumo huu bila ya kusoma kitabu cha Taylor.

Meneja wa mradi ni mtoto wa ukoo huo huo, ila alizaliwa baadaye. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani lilipokuwa likitengeneza makombora ya Polaris lilibuni njia ya kuchora kazi zote kama mtandao, ili ijulikane kazi ipi ikichelewa itachelewesha zote. Mwaka 1969 mameneja wa miradi wa Marekani waliunda taasisi yao ya taaluma, na kuanzia hapo cheo hicho kikawa na vyeti, mitihani na mishahara yake.

Kazi yake ni ipi hasa? Meneja wa mradi si tajiri, wala si mnyapara kamili. Hukopeshwa watu kutoka idara mbalimbali, halafu huwaahidi wakubwa mambo matatu: kazi itakuwa hivi, itaisha siku fulani, itagharimu fedha kadha. Yeye ndiye hupanga, hugawa kazi, hufuatilia tarehe, hupeleka taarifa juu, na mambo yakiharibika yeye ndiye huitwa. Tunaomba msomaji aikumbuke orodha hiyo, maana tutairudia.

KAMBA YA TOYOTA

Habari ya timu ilianza kwingine, nayo ilianza kwa machungu. Mwaka 1950 kampuni ya Toyota ya Japani ilikuwa karibu kufilisika. Ilitaka kupunguza watu, wafanyakazi wakagoma, na mwisho wake rais wa kampuni mwenyewe, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu pamoja na watu wengi walioacha kazi. Waliobaki walibaki kwa masikilizano: kampuni ingewategemea kwa muda mrefu, nao wangekubali kufanya kazi za namna nyingi na kusaidia kuboresha namna ya kufanya kazi.

Mhandisi Taiichi Ohno alijenga juu ya msingi huo. Aliondoa maghala ya vipuri vilivyorundikana, akaweka kadi zinazosema sehemu inayofuata inahitaji nini na kiasi gani, hata pasitengenezwe kitu ambacho hakijaitishwa. Akampa mfanyakazi wa kawaida uwezo wa kusimamisha laini nzima akiona kasoro. Katika viwanda vya Marekani vya wakati ule jambo hilo lilikuwa kama kufuru. Aliyesimamisha laini alikuwa akitafuta barua ya kufukuzwa.

Watu wengi husimulia habari hii kana kwamba Ohno aliwapenda wafanyakazi kuliko Taylor. Sisi hatuoni hivyo. Ohno alitaka tija kama Taylor alivyoitaka. Tofauti ni kwamba alitambua kuwa aliyeko kwenye mashine anaona mambo ambayo ofisi haiyaoni, akaona ni hasara kuyaacha yapotee.

FREMONT, MAHALI PA KUJIFUNZIA

Mfano unaotufaa kuliko yote ni wa kiwanda cha magari cha Fremont, jimbo la California. Kilikuwa cha General Motors, nacho kilisifika kwa ubaya. Siku moja ya kawaida, katika kila wafanyakazi 100 zaidi ya 20 walikuwa hawaji kazini. Malalamiko ya wafanyakazi dhidi ya wasimamizi yalirundikana. Mwaka 1982 kikafungwa.

Desemba 1984 kiwanda kile kile kilianza tena kutoa magari, mara hii kwa ubia wa General Motors na Toyota, kikiitwa NUMMI. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilikubali kuingia katika mfumo mpya, na wengi wa walioajiriwa, wapatao 85 katika kila 100 wa mwanzo, walikuwa ni wale wale waliofukuzwa, wale walioitwa wakorofi. Viongozi wa timu na wa vikundi wapatao 450 walipelekwa Japani kwa wiki tatu kila mmoja wakajifunze. Aina za kazi, ambazo zamani zilikuwa zaidi ya 80, kila moja na mipaka yake, zikabaki moja kwa wazalishaji na tatu kwa mafundi.

Matokeo yaliwashangaza watu. Wasiofika kazini walishuka hadi watatu au wanne katika kila 100, na ubora wa magari ukakaribia ule wa Japani. Watu wale wale, paa lile lile. Basi wale waliozoea kusema kwamba ubovu wa kiwanda ni ubovu wa wafanyakazi walinyamaza, angalau kwa muda.

Mnyapara alikwenda wapi? Aligawanywa. Wafanyakazi waliwekwa katika timu ndogo za watu watano sita hivi, kila timu na kiongozi wake, na kiongozi huyo alikuwa mwanachama wa chama, akilipwa kwa saa kama wenzake. Juu yake alikuwako kiongozi wa kikundi, ambaye ndiye mtu wa uongozi. Kiongozi wa timu hakuwa na uwezo wa kumwadhibu mtu. Kazi yake ilikuwa kukimbilia pale kamba inapovutwa, kujaza nafasi ya asiyekuwapo, kumfundisha mgeni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ya mnyapara wa zamani aliyekuwa akitembea na mikono nyuma.

Sasa tuyaseme mema na mabaya yake bila upendeleo. Mfanyakazi alipata sauti juu ya namna kazi yake inavyofanyika; timu zenyewe ndizo zilizopima hatua za kazi kwa saa na kuziandika, jambo ambalo zamani lilifanywa na mtu wa ofisi ambaye hakuna aliyemwamini. Lakini saa ni saa, hata ikishikwa na mwenzako. Wafanyakazi wenyewe walieleza kwamba chini ya General Motors mtu alikuwa akifanya kazi kweli kweli labda sekunde 45 katika kila dakika. NUMMI zikawa sekunde 57. Zile sekunde 12 za kuvuta pumzi ndizo zilizoliwa. Waandishi wawili wa harakati za wafanyakazi wa Marekani, Mike Parker na Jane Slaughter, waliuita utaratibu huo, katika kitabu chao cha mwaka 1988, utawala kwa njia ya kubana watu. Mwaka 1993, kiwanda kilipokuwa kikianza mtindo mpya wa gari, wakaguzi wa usalama kazini wa California walikishtaki kwa kutojali ya kutosha maumivu ya viungo yanayotokana na kazi.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo mashabiki wa timu hupenda kulipita haraka, nasi tunapenda kusimama juu yake. Mfumo ule ulikubaliwa na wafanyakazi kwa sababu ulikuwa na mkataba nyuma yake. Iliandikwa kwamba kampuni haitapunguza watu isipokuwa hali ya uchumi itishie uhai wa kampuni yenyewe, na kabla ya kufika hapo ipunguze kwanza mishahara ya wakubwa na kurudisha ndani kazi zilizopewa makandarasi wa nje. Ahadi hiyo ilijaribiwa. Katika miaka ya 1987 na 1988 magari hayakununuliwa, kiwanda kikafanya kazi chini sana ya uwezo wake, lakini hakuna aliyepunguzwa. Watu walipelekwa mafunzoni na kwenye kazi za kuboresha karakana. Mfanyakazi akitoa wazo la kuokoa kazi ya mtu mmoja alijua kwamba mtu huyo hatatupwa nje. Bila ya kifungu hicho, nani mwenye akili angetoa wazo?

Na jambo jingine. Mwanzoni viongozi wa timu walichaguliwa na uongozi, na watu wakaanza kunung'unika kwamba ni upendeleo mtupu. Chama kikalidai jambo hilo mezani, mpaka ikakubaliwa kwamba wateuliwe na kamati ya pamoja ya chama na uongozi kwa vipimo vinavyojulikana na kila mtu.

Kiwanda kilifungwa tarehe 1 Aprili 2010, baada ya General Motors kujitoa mwaka 2009 ilipofilisika. Watu wapatao 4,700 walipoteza kazi. Timu zilikuwa nzuri hadi siku ya mwisho, lakini uamuzi wa kufunga haukuwa mikononi mwa timu yoyote.

Wasweden walikwenda mbali zaidi. Kampuni ya Volvo ilijenga kiwanda cha Kalmar mwaka 1974 na baadaye cha Uddevalla, ambako chama cha wafanyakazi wa vyuma kilishiriki tangu michoro ya mwanzo. Uddevalla hakukuwa na laini kabisa: kikundi cha watu kiliunda gari zima, na mnyapara wa zamani hakuwapo. Uddevalla ilifungwa mwaka 1993 na Kalmar mwaka 1994, soko lilipoanguka, na kazi ikarudishwa kwenye kiwanda kikubwa chenye laini. Wataalamu walibishana miaka mingi kama ilikuwa ni hasara ya mfumo au ni uamuzi tu wa wakubwa.

RAGA OFISINI

Sasa tuvuke twende maofisini. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Japani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika katika jarida la Chuo Kikuu cha Harvard juu ya makampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox. Walisema makampuni mengi hutengeneza bidhaa mpya kama mbio za kupokezana vijiti: idara ya kwanza inakimbia, inampa kijiti wa pili, naye wa tatu. Kijiti kikianguka kila mmoja humlaumu mwenzake. Makampuni yale ya Japani, walisema, yalicheza kama timu ya raga, ambayo husonga uwanjani kwa pamoja huku mpira ukipita mkono kwa mkono.

Waandishi wa programu za kompyuta wa Marekani waliupenda mfano huo, kwa sababu mbio za vijiti ndizo zilizokuwa zikiwaua. Meneja wa mradi alikuwa akichora mpango wa miaka miwili. Mwaka wa pili mteja alikuwa amekwisha badili mawazo. Na programu ilitoka ikiwa haina wa kuitumia. Jeff Sutherland alianza kutumia njia ya raga mwaka 1993, na mwaka 1995 yeye na Ken Schwaber waliieleza hadharani kwa jina la skramu, ambalo ni lile kundi la wachezaji wa raga wanaosukumana vichwa chini. Februari 2001 watu 17 wa fani hiyo walikutana Snowbird, katika milima ya Utah, wakatoa tamko fupi la kutanguliza watu na mazungumzo, kazi inayoonekana, ushirikiano na mteja, na utayari wa kubadilika. Njia hizo zote kwa jumla zikaitwa ajaili, maana yake wepesi.

Utaratibu wa skramu ni mwepesi kueleza. Timu isizidi watu kumi hivi. Kazi hukatwa katika vipindi visivyozidi mwezi mmoja, na mwisho wa kila kipindi lazima kionekane kitu kilichokamilika. Kila siku watu hukutana dakika 15. Vyeo ni vitatu tu: mwenye bidhaa, skramu masta, na watendaji. Ukisoma mwongozo wao toka mwanzo hadi mwisho hutamkuta meneja wa mradi. Hakufukuzwa kwa kelele, hakuandikwa tu.

MIRATHI YA MENEJA

Basi tugawe mirathi, kama inavyofanywa mtu akifariki. Kuamua kazi ipi itangulie na ipi isubiri, amerithi mwenye bidhaa. Kugawana kazi, kukadiria itachukua muda gani, na kuangaliana kama inakwenda, wamerithi watendaji wenyewe. Kuondoa vikwazo, kusuluhisha, kuongoza mikutano, kumzuia mkubwa anayetaka kuvuruga timu katikati ya kipindi, amerithi skramu masta, ambaye haruhusiwi kumwamuru mtu.

Lakini kuna fungu la mirathi ambalo halikutajwa. Nani anaajiri? Nani anafukuza? Nani anaandika ripoti ya mwisho wa mwaka ambayo nyongeza ya mshahara hutegemea? Na wakubwa wakitaka tarehe na bei, nani anaitoa? Mwongozo umenyamaza. Na sisi watu wa chama tunajua kwamba penye ukimya wa namna hiyo fungu hilo halipotei; hubaki pale juu lilipokuwa, ila sasa halina uso. Zamani mfanyakazi aliyeonewa alijua mlango wa kubisha. Leo anaambiwa kwamba timu ndiyo iliyokubali kiwango hicho, na yeye alikuwapo mduarani.

Kwa meneja mwenyewe mabadiliko hayo si mepesi. Aliyekuwa hodari wa kupanga na kuamuru anatakiwa kunyamaza na kusikiliza. Wengine huwa skramu masta kwa jina, lakini kila asubuhi huugeuza ule mkutano wa dakika 15 kuwa baraza la kuhesabiana: wewe umemaliza? Mbona bado? Watu husema wakimtazama yeye badala ya kutazamana. Hiyo ndiyo alama ya kumtambua. Wengine huwa wenye bidhaa, na hao kwa kawaida hufaa zaidi, kwa kuwa wanamjua mteja na wamezoea kusema hapana. Na wako wanaorudi kuwa watendaji, kama ujuzi wa mikono haujawatoka. Kwa maoni yetu hao ndio wanaoheshimika mapema, kwani mwenzao wa timu akikwama wanaweza kuketi naye na kuifanya.

BENKI YA WAHOLANZI

Mwaka 2015 benki ya ING ya Uholanzi iliamua kuigeuza makao yake makuu nchini humo kwa njia hii. Wafanyakazi wapatao 3,500 waliambiwa kwamba nafasi zao za zamani hazipo tena, kila mmoja aombe nafasi mpya. Waliwekwa katika vikosi vya watu wasiozidi tisa, na vikosi vikakusanywa katika makundi makubwa ambayo benki iliyaita makabila, kila moja watu wapatao 150. (Huku kwetu tumehangaika miaka mingi ili kazi isigawiwe kwa kabila, wao Amsterdam wameona ni neno la kisasa.)

Wakubwa wa benki hawakuficha matokeo. Walisema kwamba karibu watu 40 katika kila 100 walijikuta katika kazi tofauti na ya zamani, na kwamba waliondoka wengi waliokuwa na ujuzi mzuri lakini hawakuonekana kuwa na mtazamo unaotakiwa. Tulitafakari sana juu ya neno hilo, mtazamo. Ujuzi hupimwa: fundi huyu anaweza kulehemu au hawezi. Mtazamo hupimwa na nani, kwa mizani gani? Mfanyakazi wa miaka 20 anayeuliza maswali mengi anaweza kuandikwa kwamba hana mtazamo, na hakuna rufaa. Oktoba 2016 benki hiyo ilitangaza mpango wa miaka mitano uliotarajiwa kugusa nafasi zipatazo 7,000, nyingi zikiwa Ubelgiji na Uholanzi. Hatusemi kwamba vikosi ndivyo vilivyoleta mpango huo. Mashine za kompyuta zilikuwa na sehemu kubwa. Tunasema kwamba kuwa katika kikosi hakukuwa kinga.

Na wale wawezeshaji wapya, waliopokea vyeo badala ya umeneja, nao hawakusalimika kila mahali. Januari 2023 benki ya Capital One ya Marekani ilifuta nafasi zaidi ya 1,100 za watu wa ajaili, ikisema kazi zao sasa zitafanywa na wahandisi na mameneja wa bidhaa wenyewe. Kwa hiyo cheo cha meneja kiligawanywa, na fungu moja kati ya mafungu hayo nalo likafutwa, lakini kazi yake ikaongezwa juu ya mabega ya waliobaki.

HUKU KWETU

Mambo haya yamefika Afrika kwa njia ya kiwandani zaidi kuliko ya ofisini. Ethiopia iliunda taasisi ya kaizen mwaka 2011, na mwaka 2017 shirika la misaada la Japani, JICA, pamoja na NEPAD walianzisha mpango wa kueneza kaizen barani. Kaizen ni neno la Kijapani, maana yake kuboresha kidogo kidogo. Mengi yaliyomo ni mazuri: karakana safi, vifaa mahali pake, mfanyakazi kuulizwa anachokiona. Sisi hatutaki mwanachama yeyote ayakatae hayo kwa sababu tu yameletwa na mwajiri. Aliyewahi kutafuta spana nusu saa anajua faida ya ubao wa vifaa.

Shida huanza pale kinapochukuliwa cheo na kuachwa kifungu. Mwajiri huchukua kutoka NUMMI ule mduara wa asubuhi, ubao na jina la kiongozi wa timu. Haichukui kamba. Jaribu kusimamisha mashine ya kupakia sukari kwa sababu umeona kasoro, uone utaitwa nani. Haichukui ahadi ya kutopunguza watu. Haichukui kamati ya pamoja ya kumteua kiongozi. Na kiongozi wa timu mwenyewe mara nyingi ni mfanyakazi aliyeongezewa kazi ya nusu mnyapara, ya kuandika mahudhurio na kukimbizana na malengo, kwa mshahara ule ule wa mfanyakazi, na siku ya ugomvi uongozi humwambia yeye ni mfanyakazi tu na wenzake humwambia yeye ni mtu wa uongozi.

Shambani jambo hili linaonekana wazi zaidi. Timu ya wachuma chai inaweza kushauriana ni mstari upi uchumwe kwanza, nani awe pamoja na nani, mgonjwa apumzishwe vipi. Hayo ni mambo ya kweli na yanapunguza uchovu. Lakini kilo zinazotakiwa kwa siku, bei ya kilo, na mizani inayopima majani haviletwi mduarani. Huko hakuna kiongozi wa timu anayeruhusiwa kuuliza.

Kwa hiyo tunashauri kwamba barua ya cheo kipya isipokewe kama pongezi tu. Isomwe na kamati ya tawi. Iulizwe kama imeandikwa kazi za kiongozi wa timu ni zipi na nyongeza yake kwa saa ni kiasi gani. Kama anaweza kuadhibu au hawezi. Nani aliyemteua na kwa kipimo gani. Kama timu ikikubali kiwango inaweza kukishusha watu wakipungua. Na kama mapendekezo ya timu yakipunguza kazi ya mtu, mtu huyo atapelekwa wapi. Wasimamizi wanaovuliwa vyeo nao waje wazungumze na chama katika nchi ambazo sheria inawaruhusu kuwa wanachama. Wengi wao walitoka kwenye mashine na watarudi kwenye mashine, na ni afadhali warudi wakiwa na mshahara ulioandikwa.

Matawi ambayo tayari yamepokea barua za namna hiyo yanaombwa yapeleke nakala kwa katibu wa mkoa kabla ya mtu yeyote kutia saini, ili vifungu vyake viingizwe katika majadiliano ya mkataba ujao.